Michezo ya Alhamisi na Neno Nililomwambia Kanyere

Mumbere mwanangu,

Umeenda kuaga kwa shangazi yako Katungu, na najua atakushikilia huko mpaka jua lipungue, maana anapenda kumlisha msafiri kana kwamba huko aendako hawapiki. Basi nina muda. Nimeketi kwenye benchi la nje, karatasi iko juu ya ubao wa kukatia mboga, na kuku wa jirani wananizunguka wakidhani nina kitu cha kuwatupia. Kesho lori litakupandisha Masereka uwe mwalimu wa darasa la pili. Sitakuandikia habari za baridi ya kule wala za kufua soksi. Umekuwa mwanaume, na kuna jambo unalostahili kulisikia kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine.

Naandika Kiswahili cha misheni, kile nilichofundishwa nikiwa na kalamu mkononi. Lakini maneno ya watu nitayaacha vile walivyoyasema. Mengine yamekaa masikioni mwangu miaka kumi, sitaki kuyasafisha.

Jana ulikunja kile kitambaa chetu cha vikwembe vinne vya kitenge, ukaniambia unakwenda nacho, utawachezesha watoto wa kule. Kisha ukasema ukicheka, "Mama, unajua Kanyere iko Masereka? Banasema anauzisha viazi kwa soko na baba yake." Nikajibu, "Aa," nikaingia jikoni. Uliponikuta ninafuta macho ulidhani ni moshi. Haukuwa moshi. Ilikuwa hasira, na niliona haya kwamba bado ni mbichi hivyo.

Unajua kwamba baba yako alikufa kwenye bariyeri ya wanajeshi barabarani, siku tulipokimbia kutoka Eringeti. Ndivyo nilivyokuambia, na ni kweli, lakini ni nusu.

Asubuhi ile nilikutanguliza na shangazi yako. Ulitaka kutembea na baba yako, nami nikasema hapana, nenda na Katungu, umsaidie kubeba sufuria, sisi tutawafikia. Mlipita kabla wanajeshi hawajalaza mti barabarani. Sisi tulipofika, mti ulikuwa umelazwa. Wakatupanga mstari mmoja kando ya mashamba ya kahawa. Mkubwa wao akasema kuna mtu wa kijiji chetu anayewapa chakula wale wa upande wa pili, na kwamba leo atajulikana. Baba yako hakumpa mtu chakula. Hata sisi wenyewe hatukuwa nacho.

Mbele kabisa, karibu na wanajeshi, alisimama Baba Kanyere. Unamkumbuka: jirani yetu aliyetengeneza baiskeli, aliyekufanyia gari la waya. Nilipomwona pale nilipata nguvu. Nilijiambia, yule anatujua, atatusemea. Mkubwa akamwuliza jambo kwa sauti ya chini. Baba Kanyere akautazama mstari wote, toka mwanzo hadi mwisho, akanyoosha kidole kwa baba yako.

"Ule," alisema.

Mwanajeshi mmoja akamwambia baba yako, "Weye, toka."

Akatoka. Aliweka mzigo wake chini polepole, kwa sababu ndani mlikuwa na chupa ya mafuta, akanitazama na kuionyesha kwa macho nisije nikaisahau. Wakaenda naye ndani ya kahawa. Nilisikia risasi mbili. Sisi tuliobaki tuliambiwa tupite, na yeyote atakayegeuka atamfuata. Nilipita, Mumbere. Sikugeuka. Nilibeba ile chupa mpaka Beni.

Ukaniuliza baba yuko wapi, nikakwambia wanajeshi wamemwua. Jina la aliyenyoosha kidole nililificha. Nilijiambia nakulinda. Kumbe nilikuwa nalificha kama mtu anavyoficha panga chini ya kitanda, ili siku ikifika nilikute mahali pake.

Tukafika Butembo, tukapata chumba hapa Mususa, nikauza unga wa muhogo na kufua nguo za watu. Wewe ulishinda na watoto wengine wa wakimbizi kwenye uwanja wa kanisa. Siku moja nilipita hapo na ndoo ya maji nikawakuta mnacheza. Mlikuwa mmefunga kamba kati ya miti miwili. Wewe ulikuwa mkubwa wa bariyeri. Watoto walisimama mstari, nawe ukatembea mbele yao na kijiti begani. Ukamnyooshea kidole mtoto mmoja mdogo mwenye kaptura iliyomzidi, ukasema, "Weye, toka!" Akatoka huku akishikilia kaptura yake, akapelekwa nyuma ya choo, na wenzako wakapiga "pa! pa!" kwa midomo.

Nilitua ndoo nikakupiga kofi. Ulinitazama, mdomo wazi, ukasema, "Mama, tunacheza tu!"

Kofi lile ni kosa langu la kwanza kwako, na sijawahi kukuomba radhi. Ulikuwa unacheza kitu ulichokisikia kwa watoto waliokiona. Nilipaswa kukaa chini niwaonyeshe mchezo mwingine. Hilo nililifanya baada ya juma zima, na nililifanya kwa hasira. Watu wa kanisa walikuwa wakinisifu, wakisema Mama Mumbere ana moyo wa upendo. Hawakujua. Nilianza kuchunguza michezo yenu yote na nikaona karibu kila mmoja una lile neno. Ukikanyaga kamba, toka. Ukikosa kiti, toka. Mpira ukikugusa, toka. Mwishoni anabaki mmoja anarukaruka, na wengine wamesimama ukutani wanamtazama. Nikasema nitalitoa neno hilo katika vinywa vya watoto hawa hata kama sitaweza kulitoa kichwani mwangu. Ilikuwa vita yangu na ule mstari wa barabarani.

Mchungaji akanipa uwanja kila Alhamisi alasiri. Siku ya kwanza niliwaambia, "Hapa hakuna mutu anatoka." Mkacheka. Mmoja akauliza, "Sasa nani atashinda?" Nikamwambia tutaona.

Nilishona vikwembe vinne pamoja, kimoja kikiwa cha harusi yangu. Wote mlishika pindo, mpira wa mifuko ukawekwa katikati, mkaurusha juu na kuudaka pamoja huku mkihesabu. Ukianguka, tunaanza tena sote, hakuna wa kulaumiwa. Siku mlipokaribia mia, kina mama wa kwaya waliacha mazoezi wakaja kushika pindo nanyi, na bibi mmoja akalia "Mukaze! Mukaze!" kama anayezalisha. Na viti, nani atasahau viti! Wimbo ukinyamaza nilikuwa naondoa kiti, lakini mtoto haondoki, inabidi wote wapate pa kukaa kwenye viti vilivyosalia. Mnakaliana magotini, mnashikana shingo. Baba mmoja ambaye hakuwa amesema neno tangu afike kutoka kaskazini alikuja kumchukua mwanawe, akajikuta amepakata watoto saba, akacheka mpaka akakohoa. Wazazi wakaanza kuja. Uwanja ukajaa.

Halafu akaja Kanyere.

Alikuja na nyanya yake, ameshika sketi ya bibi. Nilimtambua kabla hajasema jina, kwa sababu paji la uso ni lile lile la baba yake. Wewe ulimkimbilia, ukamwita kwa jina, ukamvuta mkono mpaka kwenye kitambaa. Nilishika pindo upande wa pili nikamtazama kwa mchezo mzima. Sikuhesabu hata mara moja.

Nikawa mwema kwake, Mumbere. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko mengi. Nilimpa mandazi mawili wengine wakipata moja. Nilimsuka nywele. Na nikiwa namsuka nilimwuliza, "Baba yako iko wapi?" Akajibu upesi, "Alikufa." Watoto waliofundishwa kusema jambo hulisema upesi hivyo. Nikajua yu hai, na anatuficha uso sisi wa kijiji chake.

Unakumbuka mchezo wa kijiji? Kila mtoto anaweka jiwe au kijiti chini, anasema ni nyumba ya nani, kisha wote wanachora njia za kuunganisha, mpaka kusiwe na nyumba ambayo haifikiki. Kwa kawaida mlijenga vijiji vyetu vya zamani. Alhamisi moja nikawaambia, "Leo tujenge Mususa. Mahali kila mutu analala sasa." Nilipanga hivyo. Nilikuwa nimeupanga usiku na mchana, na hakuna aliyenituma.

Kanyere aliweka jiwe la nyanya yake. Kisha, mbali, karibu na mstari mliouchora kuwa mto, akasimamisha kijiti kimoja chembamba.

"Huyu njo nani?" nikamwuliza.

Alitazama pembeni. Alikuwa mtoto, na mchezo ulikuwa mtamu, na hapakuwa na hata mmoja wenu aliyewahi kudanganya kwenye kijiji. "Ni Papa," akasema. "Iko analala kwa matofali. Muchana anatoka hapana."

Na wewe, mwanangu, ukasema, "Lakini iko peke yake! Tumuwekee njia!" Mkainama wote, kila mmoja na kidole chake ardhini, mkachora njia kutoka kanisani, kupita kisima, kupita kwa fundi seremala, mpaka kwenye kile kijiti. Mlikuwa mnacheka. Mliniandalia njia yote.

Kesho yake nilikwenda kwenye biro, ofisi ya wanajeshi. Aliyekuwa mlangoni aliniuliza nataka nini. Nikasema kuna mtu anayejificha kwenye tanuri la matofali kando ya mto, na kwamba anafanya kazi na wale wa upande wa pili. Ulikuwa uongo. Ulikuwa uongo ule ule waliomwua nao baba yako, niliuchukua kama ulivyo.

"Nani njo alikutuma?"

"Hakuna mutu."

Wakanipeleka. Sikutarajia hilo, nilidhani nitasema na kurudi nyumbani. Walitoa wanaume watatu tanurini, wamejaa vumbi jekundu hata nywele, wakawasimamisha. Mkubwa akaniita kwa Kilingala nije, "Yaka, mama. Ni nani?" Nikatembea mpaka mbele yao. Nikanyoosha kidole.

"Ule," nilisema.

Baba Kanyere alinitambua hapo. Hakupiga kelele wala hakuomba. Alisema tu, "Mama Mumbere, balikuwa banashika mutoto." Sikuelewa, na sikutaka kuelewa. Wakampiga kitako cha bunduki, wakamfunga mikono. Wale wawili wengine walichapwa viboko kabla ya kuachiliwa, na kosa lao lilikuwa kusimama karibu naye. Mmoja alipoteza meno mawili. Ni yule anayetusalimu kila Jumapili mlangoni mwa kanisa na kuniuliza hali ya mgongo wangu. Hajui.

Jioni ile nilinunua nyama ya mbuzi. Unakumbuka? Uliniuliza leo ni sikukuu gani, nikakwambia, "Kula tu." Nilikuwa na furaha, Mumbere. Sitakudanganya ili nionekane mzuri katika barua yangu. Nilikula na kunyonya mifupa, nikaimba nikiosha sahani. Nilijiambia baba yako Paluku sasa anaweza kulala.

Furaha ile ilifika mpaka Alhamisi.

Tulicheza viti. Kanyere alikuja, macho yamevimba; nyanya yake alikuwa amemwambia aende acheze, ndiko kuna watu. Wewe ulininong'oneza, "Mama, balibeba baba yake. Batamurudisha?" Nikakwambia uimbe. Viti vikapungua, vikabaki viwili, kikabaki kimoja, na kwenye hicho nilikuwa nimeketi mimi. Ndivyo tulivyomaliza kila mara: wote mnanirundikia mimi. Mkaja mkicheka. Kanyere akapanda magotini pangu kabla ya wengine, akaniwekea kichwa hapa, chini ya shingo, akalia. Alilia akiniita Mama.

Nilihisi joto la mtoto yule kifuani na kila kitu ndani yangu kikakataa. Nikamshika mabega, nikamsimamisha chini, nikamwambia mbele yenu wote:

"Toka."

Kanyere alitazama huku na huku, akitafuta ni mchezo gani huu, kisha akatoka. Alipita kati yenu, akapita lango la kanisa, na sikumwita.

Wewe uliniuliza jioni kwa nini. Nikakwambia baba yake ni mwizi na sitaki watoto wa wezi. Hilo ni kosa langu la pili kwako, na hili ni kubwa. Lakini Alhamisi iliyofuata nilikwenda kanisani nikakuta uwanja mtupu. Kitambaa hakipo kabatini. Nilizunguka mtaa mzima nikiwatafuta, mpaka nikawasikia mkihesabu. Mlikuwa nyuma ya nyumba ya nyanya yake Kanyere, mahali pembamba mpaka wengine wameshika pindo wakiwa wamekanyaga majivu, na Kanyere yuko kati yenu, anahesabu kwa sauti kuliko wote. Uliniona juu ya uzio. Hukuacha kuhesabu. Nikarudi nyumbani, na tangu siku ile michezo ya Alhamisi ikawa yenu. Kwa miaka yote hii watu wamekuwa wakisema umeirithi kwangu. Uliichukua mikononi mwangu nilipoichafua, na nilijua, na sikuwahi kukushukuru.

Baba Kanyere alirudi baada ya miezi mingi. Walikuwa wamembebesha masanduku ya risasi huko kaskazini, na mguu mmoja ulikuwa umevunjika ukaunga vibaya. Siku walipokuwa wanahamia Masereka kwa ndugu wa nyanya yake Kanyere, alikuja hapa mlangoni, saa za mchana, wewe uko shuleni. Aliegemea fimbo. Hakuniita mbaya.

"Nilikuya kusema neno moja tu," alisema. "Siku ile ya bariyeri, balishika Kanyere shingo kule nyuma ya muti. Balisema nionyeshe mutu moja, ao banamuua. Niliangalia mustari yote. Kila mwanaume alikuwa anashika mutoto mukono. Paluku njo alikuwa peke yake."

Nilishika mlango.

Mimi ndiye niliyekutanguliza, Mumbere. Ulilia ukitaka kumshika baba yako mkono, nami nikasema nenda na shangazi.

Kuna siku ninamwamini mtu yule, na kuna siku nasema ameitunga ili aniachie mzigo na kwenda zake akiwa mwepesi. Siku ile nilimwambia tu, "Nimesikia. Sasa enda." Akaenda, akivuta mguu ule ambao mimi ndiye niliyeuvunja, ingawa si kwa mkono wangu. Na unajua nilihisi nini nikimtazama akichechemea? Nilihisi hautoshi. Hata baada ya yale aliyoniambia. Bado kuna asubuhi ninaamka nikisema mguu mmoja hautoshi.

Sasa unakwenda kule, utakutana naye sokoni, pengine atakupimia viazi. Sikuandikii haya ili umlipize. Kisasi kile kilikuwa changu, nimekwisha kukilipa, na nimeona jinsi kilivyo. Nilikipangia mtu mmoja, nacho kikawapiga watengeneza matofali wawili, kikampiga mtoto, na jioni kikanirudia mezani kuomba nyama nyingine. Wala sikuandikii ili ukamsamehe kwa jina langu. Usithubutu. Wewe una haki ya kufanya la kwako, alikuwa baba yako. Ukitaka kumkasirikia, mkasirikie. Ukitaka kunikasirikia mimi, nina masikio, na Masereka si mbali hivyo kwamba barua haitafika.

Ninachokuomba ni kwa Kanyere tu. Mwambie hivi: Mama Mumbere anasema siku ile ya viti hukufanya kosa lolote, yeye ndiye aliyekosa. Sema hivyo hivyo, usiongeze utamu.

Na baba yake akikuuliza kama mimi ni mzima, mwambie ndiyo. Akikuuliza kama nimesamehe, mwambie hapana. Mwambie kama anataka jibu lingine ashuke Butembo aniulize mwenyewe, mchana, mlango wangu haufungwi. Lakini aje amemshika Kanyere mkono, ili nikimtazama nisimwone yuko peke yake.

Mama yako